Kuunda kifaru cha tani 57 juu ya meza

MAFUNDI wanaounda vifaru vidogo vya plastiki wana mtihani mmoja wanaoupenda na kuuogopa: Tiger nambari 131, kifaru cha Ujerumani kilichotekwa na Waingereza kaskazini mwa Tunisia mnamo Aprili 1943. Kifaru chenyewe kingalipo katika makavazi ya Bovington, Uingereza, na kimepigwa picha kutoka kila pembe. Anayekosea hana pa kujificha.

Kipimo kinachotumiwa sana ni 1/35. Chanzo chake si hesabu za kijeshi. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ilipounda Panther yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, ililazimika kuacha nafasi ya mota na betri ndani. Ukubwa uliopatikana ndio ukageuka desturi. Kwa kipimo hicho, Tiger yenye urefu wa mita 8.45 pamoja na mzinga huwa sentimita 24, na bamba la mbele la milimita 100 hubaki karibu milimita tatu.

Kazi huanzia chini, na magurudumu ndiyo yanayomtoa fundi jasho. Tiger ya wakati huo ilikuwa na ekseli nane kila upande, kila moja ikibeba magurudumu matatu yaliyopandana na ya jirani: jumla 48. Kila moja husuguliwa kwa msasa kuondoa kovu la mahali lilipokatwa. Asiyepaka rangi yale ya ndani kabla ya kuyafunika kwa ya nje hatayafikia tena. Wanajeshi wenyewe walilijua tatizo hilo, kwani gurudumu la ndani likiharibika ilibidi kwanza kung'oa ya nje.

Kisha huja suala la ukweli. Wengi hupenda kukipaka Tiger utomvu mzito wenye mistari, mfano wa ule uliozuia mabomu ya sumaku. Hupendeza, lakini kwa nambari 131 ni kosa: upako huo ulianza kutumika miezi kadhaa baada ya kifaru hicho kutekwa. Alama inayostahili kuwapo ni nyingine. Risasi ya kifaru cha Churchill iliukwaruza mzinga kwa chini na kuuzuia mnara usizunguke, wanajeshi wakakiacha bila kukilipua. Fundi makini huchonga kovu hilo kwa tupa nyembamba.

Kutu nayo huwaponza wengi. Kifaru hiki kilitoka kiwandani Februari 1943. Mwili mzima ulioliwa na kutu ni uongo mtupu. Minyororo na mabomba ya moshi yatosha. Rangi ya msingi huongezwa nyeupe kidogo, kwani kwenye kitu kidogo rangi halisi huonekana nzito kupita kiasi. Rangi ya hudhurungi iliyozimuliwa sana huachwa itiririke kwenye viungo na vichwa vya parafujo, na kingo hupitishwa brashi iliyokaribia kukauka.

Nambari 131, nyekundu yenye ukingo mweupe, hubandikwa kabla ya unga wa vumbi kupakwa. Ikibandikwa mwisho, hung'aa peke yake juu ya kifaru kilichochakaa, na hapo hata mtoto hutambua kuwa ni karatasi.