Mpangaji wa Mpangaji

Katika miji mingi ya Tanzania kodi ya chumba hutajwa kwa mwezi lakini hulipwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka mzima, tena kabla mtu hajaingiza godoro. Desturi hiyo ndiyo inayomzaa mpangaji wa mpangaji.

Mpemba, katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma, iko kando ya barabara kuu iendayo Zambia, mahali inapochepuka barabara ya Isongole wilayani Ileje. Mpakani watu hawakai sana: mfanyabiashara hufuata soko Nakonde, ng'ambo ya Zambia, mtumishi hupewa uhamisho. Chukua mwalimu aliyelipa kodi ya mwaka, kisha mwezi wa tano barua ya uhamisho ikamfikia. Kodi ya miezi saba imeshaliwa, na huenda mwenye nyumba ameitia kwenye bati la banda la pili. Mwalimu anamtafuta mtu, anapokea fedha ya miezi iliyobaki na kumwachia ufunguo.

Majirani hawaoni kosa. Sheria inaliona. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji apate ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kupangisha mtu mwingine, hata kama mkataba wao haukutaja jambo hilo. Mwenye nyumba naye hapaswi kumnyima ridhaa hiyo pasipo sababu ya msingi.

Anayebanwa zaidi ni yule mgeni aliyeachiwa ufunguo. Mapatano yake ni na mwalimu, si na mwenye nyumba. Mkataba wa mwalimu ukivunjwa, haki ya mgeni ya kukaa nayo inayumba, na fedha aliyotoa ataidai kwa mtu aliyekwisha kuhama mkoa. Mwalimu pia hajatoka kwenye wajibu wake: choo kikiharibiwa au bili ya maji ikilimbikizwa, mwenye nyumba atamtafuta yeye.

Kupangisha kinyemela kwa ajili ya faida ni jambo jingine, na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, linalijua vyema. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa shirika hilo mwaka 1990. Kodi za nyumba zake katikati ya miji zilipobaki chini ya bei ya soko, baadhi ya wapangaji walipangisha wengine kwa bei kubwa na kuweka tofauti mfukoni.

Kwa mwalimu wa Mpemba njia ni fupi: barua moja inayomtaja mgeni, tarehe ya kuingia, miezi iliyolipiwa na hali ya chumba, ikisainiwa na wote watatu mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mara nyingi mwenye nyumba hukubali, maana kodi anayo tayari na atamjua mtu anayelala kwake. Wasipoelewana, shauri huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 hupatanisha tu bila kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kitakachoulizwa mapema ni maandishi.