Stendi nyepesi za dramu zaweza kula mtaji wa muuzaji

WAUZAJI wa vyombo vya muziki mikoa ya Mbeya na Iringa hawana budi kufuata kalenda ya mkulima. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kwisha Aprili, mahindi huvunwa kuanzia Mei, na fedha za kwaya, sharika na bendi ndogo huonekana baada ya hapo. Anayetaka kuuza msimu huo huagiza mapema, na kosa la kuagiza hugundulika mzigo ukiwa tayari dukani.

Macho ya mnunuzi huwa kwenye ngoma. Hasara hujificha kwenye stendi, yaani vyuma vinavyoshika matoazi na ile dramu ndogo ya snea.

Hesabu ya mtaji

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu. Muuzaji ana Sh. 900,000. Stendi nyepesi ya toazi inanunuliwa kwa Sh. 50,000 na kuuzwa kwa Sh. 70,000. Atapata stendi 18 na faida ya Sh. 360,000. Stendi nzito inanunuliwa kwa Sh. 90,000 na kuuzwa kwa Sh. 120,000. Atapata 10 na faida ya Sh. 300,000.

Kwenye karatasi, nyepesi inashinda. Lakini moja tu ikirudishwa na mteja akarejeshewa fedha zake, faida inashuka hadi Sh. 290,000. Zikirudi nne, inabaki Sh. 80,000, na hapo nauli na kodi ya pango bado hazijatolewa.

Mambo ya kukagua

Kwanza ni miguu. Stendi yenye bapa moja la chuma kwa kila mguu ni nyepesi, nayo inaifaa bendi inayosafiri kwa basi ikiwa na matoazi ya inchi 14 au 16. Toazi la inchi 20, au mpigaji mwenye mkono mzito, linataka miguu ya mabapa mawili.

Pili ni maungio ya mabomba. Ndani yake pawe na pete ya plastiki inayolibana bomba pande zote. Skrubu inayogusa chuma moja kwa moja hukikwaruza, na baada ya miezi michache stendi huteremka yenyewe katikati ya wimbo.

Tatu ni kichwa. Toazi hukaa kati ya felti mbili, na bolti yake huvikwa kibomba cha plastiki. Kibomba kikikosekana, chuma husaga chuma, tundu la toazi hupanuka na ufa huanzia hapo. Nati nayo isikazwe mno, kwani toazi lisiloweza kuyumba hupasuka upesi. Toazi lililopasuka halichomelewi likarudia sauti yake, na bei yake yaweza kuzidi ya stendi mara kadhaa.

Stendi yenye mkono wa pembeni iwekwe mguu mmoja chini ya mkono huo, la sivyo itaanguka.

Kwa snea, kikapu cha mikono mitatu kiwe na mipira na kibane dramu ya inchi 14, ambacho ndicho kipimo cha kawaida. Stendi ishuke chini vya kutosha, kwa kuwa snea yenye kina cha inchi 6.5 hukaa juu kuliko ya inchi 5, na mpigaji huwa ameketi.

Usafiri na vipuri

Mzigo wa Mbeya una njia mbili kutoka Dar es Salaam: barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976. Mji wa Iringa haupitiwi na reli, hivyo hutegemea magari kwa safari ya kilometa zipatazo 500. Stendi nzito huongeza nauli, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei mapema.

Fundi wa kuchomelea anaweza kurudisha mguu uliovunjika. Meno ya kichwa yaliyolika ni kazi ngumu zaidi kwake. Kwa hiyo muuzaji aifungue stendi kabla ya kulipa, aipandishe hadi mwisho, aning'inize toazi zito na kulipiga.

Nati, felti na vibomba vya plastiki vinahitaji mtaji mdogo na huisha mara kwa mara. Duka lenye navyo humwona mteja wake tena kabla ya mavuno mengine.