UZITO WA MAMA NA UZITO WA MWANAWE

Kila askari anaikumbuka siku aliyopimwa kabla ya kuandikishwa jeshini. Kijana huvua viatu, husimama kwenye ubao wa urefu, kisha hupanda mizani, na karani huandika kilo zake katika fomu. Wengi hudhani kwamba kilo zile ni matokeo ya chakula alichokula kijana mwenyewe, nyumbani kwao na shuleni. Wataalamu wa lishe wameonyesha kwamba hesabu hiyo huanza mbali zaidi. Sehemu yake moja huandikwa wakati mama ni mjamzito, na nyingine kabla mama hajashika hata mimba.

Jambo hili linawahusu askari na polisi kuliko wanavyodhani, hasa wale waliopata kulinda vijiji kama Nhica do Rovuma. Nhica ni mahali padogo katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma ambao ng'ambo yake ni mkoa wa Mtwara. Wananchi wa wilaya hiyo, Wamakonde, Wamakwe na Wamwani, huishi kwa jembe na kwa bahari: muhogo, mahindi, mpunga, na samaki wa kutoka pwani. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 viliwafikia kwa ukali wake wote tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa. Maelfu walikimbilia porini, wengine wakafuata njia ya Nangade na Mueda, wengine wakavuka Ruvuma. Mwishoni mwa mwaka 2022 watu waliokuwa wameyahama makwao kaskazini ya Msumbiji walipita milioni moja. Taarifa za vita huhesabu nyumba zilizochomwa na silaha zilizotekwa. Kilo alizopoteza mwanamke aliyetembea siku nyingi bila chakula haziingii katika taarifa hizo, nazo ndizo zitakazoonekana kwa muda mrefu zaidi.

Inafaa kueleza jinsi mambo yalivyo katika mwili. Mwanamke mwenye afya huongezeka kiasi cha kilo 12 wakati wa mimba. Katika hizo, mtoto mwenyewe ni kilo tatu hivi. Zilizobaki ni kondo la nyuma, maji yanayomzunguka mtoto, damu iliyoongezeka, mji wa mimba uliokua, na akiba ya mafuta ambayo mama huiweka kwa ajili ya kunyonyesha. Askari anayejua maana ya posho ya akiba katika safari ndefu ataelewa. Mwanamke mwembamba hana budi kuongezeka zaidi ya mwenzake mnene, kwa sababu ghala lake lilikuwa tupu tangu mwanzo. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.55, kwa mfano, huhesabiwa kuwa mwembamba mno akiwa chini ya kilo 45 hivi, na mnene kupita kiasi akizidi kilo 60.

Mimba ikimkuta mama katika wembamba ule, mtoto huelekea kuzaliwa mdogo. Shirika la Afya Duniani humwita mtoto mwenye uzito pungufu yule azaliwaye chini ya kilo mbili na nusu. Malaria huzidisha hasara hiyo, kwa kuwa vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma na kuzuia chakula kumfikia mtoto, na anayeumia zaidi ni mama wa mimba ya kwanza. Mtoto aliyeanza nyuma hivyo aweza kuwafikia wenzake, lakini si rahisi. Akikosa tena chakula cha kutosha katika miaka miwili ya mwanzo, hudumaa, yaani huwa mfupi kuliko umri wake. Uchunguzi wa taifa wa Msumbiji wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2011 ilikuwa asilimia 43. Na msichana aliyedumaa huwa mwanamke mfupi mwenye nyonga nyembamba, ambaye naye huzaa mtoto mdogo. Hivyo njaa ya bibi humfikia mjukuu.

Katika vijiji vingi vya Afrika wanawake hula kidogo kwa makusudi miezi ya mwisho ya mimba, ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Mambo haya hayafai kuchekwa. Mwanamke aliye mbali na hospitali, katika njia isiyopitika usiku, ana sababu ya kuogopa uzazi mgumu. Ila hesabu yake haitimii. Mwili wa mtoto mwenye njaa hukilinda kichwa kwanza na kuuacha mwili ukonde, kwa hiyo kinachopungua si kichwa kinachotakiwa kupita, bali nyama na mafuta ya mtoto, pamoja na nguvu na damu ya mama anayetakiwa kusukuma.

Kwamba chakula cha mama huleta tofauti, hilo limekwisha kupimwa. Nchini Gambia, wajawazito wa vijiji 28 walipewa kwa miaka kadhaa biskuti za karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997. Watoto wao walizaliwa na uzito uliozidi wa wengine kwa wastani wa gramu 136, na katika miezi ya njaa kwa gramu 201. Vifo vya watoto wachanga vilipungua pia. Wakulima wa Palma wanaijua miezi ya namna hiyo: ni ile ya masika, kuanzia Januari, wakati ghala limekwisha, mahindi hayajakomaa, na jembe linadai nguvu nyingi zaidi kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka.

Lakini ushahidi ulio karibu zaidi na maisha ya askari ulitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, jeshi la Wajerumani lilizuia chakula kisiingie katika miji ya magharibi ya nchi hiyo. Posho ya mtu mzima ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na baadaye hata karibu na nusu yake. Watu zaidi ya 20,000 walikufa kabla ya nchi kukombolewa mwezi Mei 1945. Wavulana waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati wa njaa ile walipofika umri wa miaka 19, waliitwa kupimwa kwa ajili ya jeshi kama vijana wengine wote. Wataalamu wakazichukua fomu zile, za vijana wapatao 300,000, wakazilinganisha na miezi ya njaa, na mwaka 1976 wakachapisha waliyoyaona.

Vijana ambao mama zao walikuwa na njaa katika miezi ya mwisho ya mimba, na wao wenyewe wakaionja katika miezi yao ya kwanza duniani, walikuwa na wanene wachache kuliko kawaida. Lakini wale ambao njaa iliwakuta mama zao katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na wanene wengi kuliko kawaida, ingawa walikua katika nchi iliyokwisha kushiba. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba katika miezi ya kwanza mwili wa mtoto hupangiwa namna ya kutumia chakula. Ukipangwa kwa uhaba, kisha ukapewa wingi, huweka akiba kwa pupa.

Upande wa pili wa mizani nao unafuata hapo. Mama mnene kupita kiasi, hasa aliye na kisukari wakati wa mimba, humpitishia mtoto sukari nyingi kuliko inavyotakiwa. Mtoto huzaliwa mkubwa, pengine zaidi ya kilo nne, na huelekea kuwa mnene utotoni na baadaye. Nchini Kanada walilinganishwa ndugu wa tumbo moja ambao mama yao alipunguza sana unene kwa njia ya upasuaji. Waliozaliwa baada ya upasuaji walikuwa na unene mdogo kuliko waliozaliwa kabla yake, ingawa walitoka katika damu ileile. Habari hizi si za Ulaya na Amerika peke yake. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta Tanzania asilimia 36 ya wanawake wa umri wa kuzaa wamezidi uzito, na Kenya asilimia 45. Katika makambi na mitaa ya polisi bado wako wanaodhani kitambi cha baba na unene wa mama ni dalili ya mshahara mzuri.

Ni kosa, hata hivyo, kumtupia mama lawama yote. Baba naye huchangia urithi wa mwili, na chungu kinachopikiwa mama ndicho kinachopikiwa watoto. Aghalabu ni baba aamuaye fedha za mboga zitatoka au hazitatoka.

Kwa askari aliye katika wilaya kama Palma, mambo machache yamo mikononi mwake. Mwanamke anayezuiwa asiende shambani kabla ya mvua hatavuna, na mimba yake itakutana na ghala tupu. Njia ikifungwa, afisa wa doria aweza kuzungumza na wazee kuhusu saa na siku za kulima chini ya ulinzi. Mjamzito anapofika kwenye kizuizi cha barabara akiwa na kadi ya kliniki, kila saa anayosimamishwa juani yaweza kumfanya akose dawa ya kuzuia malaria, inayotakiwa kutolewa walau mara tatu tangu mwezi wa nne wa mimba. Na gari linalorudi tupu kutoka doria laweza kubeba mizani na chandarua za zahanati. Mganga wa kijijini asiye na mizani hutumia utepe wa kupimia mzunguko wa mkono. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 yumo hatarini, na hapelekwi kesho, hupelekwa leo.