Kumbikumbi: Anayehama Ndiye Anayeishi

Mvua za kwanza zikishanyesha Geita, kumbikumbi humiminika kutoka kichuguuni kama moshi. Watoto hutega beseni la maji chini ya taa. Asubuhi barazani hubaki mbawa tupu, na watu husema mdudu huyu huishi usiku mmoja. Si kweli. Katika kichuguu kizima, yeye ndiye aliyeumbwa kuishi miaka mingi.

Okota mbawa hizo uzitazame. Zote zimekatika mahali pamoja, karibu na shina, kwa sababu ubawa huota ukiwa na mstari wake wa kukatikia. Kumbikumbi akitua huzipukutisha mwenyewe. Jike hutangulia, dume humfuata unyounyo, wakitafuta udongo laini. Wakishachimba hujifungia humo. Misuli ya kurukia, ambayo haina kazi tena, huyeyuka mwilini ikawa lishe ya uzao wa kwanza. Safari yenyewe inageuka uzazi.

Mchwa vibarua ni ndugu za kumbikumbi, baba mmoja mama mmoja, lakini hawana mbawa, hawazai, na hufa baada ya wiki au miezi. Jike aliyejifungia ndiye huwa malkia, na malkia wa vichuguu vikubwa hutaga maelfu ya mayai kwa siku na huweza kuvuka miaka 10, mfalme, yule dume, akiwa ubavuni. Kwa wanyama wengi uzazi mwingi hula umri, kama panya. Hapa kuhama, kuzaa na kuishi vimefungwa furushi moja.

Mwaka 2018 Daniel Elsner, Judith Korb na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Freiburg walionyesha fundo moja la furushi hilo. Ndani ya vinasaba mna vipande vinavyojinakili na kujipachika hovyo, vikiharibu maagizo ya mwili. Kibarua akizeeka, vipande hivyo huamka kichwani mwake. Kwa malkia na mfalme, hata wakizeeka, hubaki vimelala. Vinanyamazishwa na ulinzi ambao kwa kawaida wanyama huuweka kwenye viungo vya uzazi, kulinda mbegu na mayai. Kinga ya uzao imekuwa kinga ya mzazi.

Ndiyo maana inaniuma kuona kichuguu kikimwagiwa sumu au kusawazishwa kwa ajili ya matofali ya haraka. Malkia wa kichuguu hicho huenda aliruka kabla mwanao hajazaliwa. Mfano wa kuheshimu ardhi upo: Shinyanga ilifyeka miti kwa ajili ya mbung'o na pamba, kisha kuanzia 1986 mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ukahuisha ngitili, ardhi inayotengwa ipumzike. Tukivipa vichuguu heshima hiyohiyo, hatupotezi kitu. Kumbikumbi tuwale, maana wengi wao wangekufa hata tusingewagusa.

Manufaa ya kichuguu ni mengi: kitoweo, chakula cha kuku, uyoga, rutuba shambani, udongo wa kukandika. Hata watafuta dhahabu hupima udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha chembe za chini kabla mtu hajachimba duara.