Daktari wa Wanyamapori Hufundishwa Wapi?



Katika ziara zetu za miradi kandokando ya Mto Ruvuma, vijana wa sekondari hutuuliza swali moja mara kwa mara: mtu anayesomea udaktari wa mifugo hufikaje hatua ya kumtibu tembo au simba? Wapo pia wazazi wanaodhani kuwa hiyo ni kazi ya wageni, na kwamba hufanyika Serengeti tu. Katika toleo hili tumeona vema kueleza jinsi mafunzo hayo ya vitendo yanavyokwenda, na kwa nini yanatuhusu sisi wa Mtwara.

Masomo na usimamizi

Hapa nchini shahada ya udaktari wa mifugo hutolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na huchukua miaka 5. Sehemu kubwa ya masomo ni ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku na mbwa. Wanyamapori ni sehemu ndogo. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye nia hutafuta nafasi ya kujifunza kwa vitendo chini ya madaktari wa wanyamapori, kama wale wa Hifadhi za Taifa (TANAPA) au wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI).

Nafasi hiyo si ruhusa ya kutibu. Chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, daktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari ndipo afanye kazi yake. Mwanafunzi hufanya kazi chini ya macho ya aliyesajiliwa.

Sababu ni nzito. Tembo hulazwa kwa bunduki ya sindano yenye dawa iitwayo etofini, ambayo nguvu yake huizidi mofini zaidi ya mara elfu moja. Matone machache yakimwingia binadamu yanaweza kumwua. Kabla ya kumkaribia mnyama, mwanafunzi hufundishwa mahali dawa ya kumwokoa binadamu inapowekwa, na namna ya kumsaidia mwenzake kupumua. Baada ya hapo hupewa kazi ndogo zenye uzito mkubwa: kuhesabu pumzi, kupima joto, kumfunika mnyama macho, kummwagia maji asizidiwe na joto. Tembo akianguka kifudifudi hugeuzwa upesi alale ubavu, maana uzito wake mwenyewe hubana mapafu. Kazi ikiisha huchomwa dawa ya kumzindua, na watu wote hurudi kwenye gari.

Ugonjwa haujui mpaka wa hifadhi

Hiyo ndiyo kazi inayopigwa picha. Sehemu kubwa ya udaktari huu lakini ni kufuatilia magonjwa kati ya wanyamapori, mifugo na watu. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Simba wale hawakuweza kuokolewa mmoja mmoja kwa sindano. Hatua iliyofuata ilikuwa kuchanja mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Na hapa ndipo Mtwara inapoingia. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini mashariki ilikuwa katika mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Watafiti walifuatilia ugonjwa huo katika mikoa ya Lindi na Mtwara kati ya mwaka 2011 na 2019. Waliona jambo lisilo la kawaida: mbweha walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa. Kaskazini mwa nchi hali si hiyo. Huko mbwa ndio wengi.

Walianzia wapi kuwatafuta mbweha hao? Walianzia hospitali na vituo vya afya, kwenye kumbukumbu za watu walioumwa na wanyama. Kutoka kwenye daftari walikwenda nyumbani kwa mgonjwa, wakauliza mnyama alitoka wapi, akauma nani mwingine, akaishia wapi. Mwanafunzi anayeweza kufanya hivyo kwa uangalifu na upole amejifunza nusu ya udaktari wa wanyamapori, hata kama hajashika bunduki ya sindano.

Pwani yetu ina mengine pia. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina kasa baharini, na mtoni wapo viboko na mamba. Watu huteka maji na kuvua humohumo. Ng'ambo ni Msumbiji, na mnyama haulizwi pasi ya kusafiria.

Kosa letu wenyewe

Ni lazima tukiri. Kwa miaka mingi miradi yetu imegawa mbuzi na kuku, tukahesabu waliozaliwa na waliokufa, wala hatukuuliza habari za mnyama wa porini. Safari moja tulioneshwa mahali mbweha alipouawa kwa fimbo mchana kweupe, baada ya kuingia uani bila woga. Mzoga ulikuwa umetupwa kichakani, na watoto walikuwa wameuchezea. Tulitikisa vichwa, tukaendelea na ratiba. Hakuna sampuli iliyochukuliwa, na aliyeulizwa kama ameumwa hakuwepo. Mbweha anayeingia kwa watu mchana bila woga ni dalili ya hatari. Leo tunalijua hilo. Siku ile tulilipita.

Tunachoomba

Kwanza, sharika zilizo na nyumba za wageni ziwe tayari kuwapokea wanafunzi wanaoletwa kwa barua ya chuo na kupokelewa na daktari wa mifugo wa wilaya. Mwanafunzi awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kuja, na asitumwe peke yake kwenye mzoga.

Pili, siku ya kuchanja mbwa itangazwe kanisani na msikitini pia. Ndugu zetu wengi wa pwani hawafugi mbwa, lakini watoto wao huumwa kama wa kwetu.

Tatu, mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au mbweha, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mzoga wa mnyama yeyote aliyekufa ghafla usipasuliwe wala kuliwa, aitwe mtaalamu. Kama ni kimeta, kuupasua ni kuvisambaza vijidudu vyake, navyo hukaa ardhini miaka mingi.

Nne, wazazi, msiwakatishe tamaa watoto wanaopenda kemia na baiolojia. Kijana anayezungumza Kimakonde, na anayejua njia za Msimbati na Mahurunga, ataambiwa na mama mwenye nyumba jambo ambalo mgeni hataambiwa.

Kitabu cha Mwanzo kinatukumbusha kuwa mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Utunzaji huo kwetu waweza kuanza na daftari la zahanati, na swali moja ambalo sisi hatukuliuliza siku ile: nani mwingine ameumwa?