Weusi wa Unywele Hutoka Shinani

Jumamosi jioni vinyozi wa Wandegeya, mjini Kampala, hawapati hata nafasi ya kukaa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere ananyanyuka kitini, na mahali pake anakaa mwanamume wa miaka hamsini na ushei ambaye hakuja kunyolewa tu. Kinyozi anamfunga shuka shingoni, anakoroga unga mweusi kwa maji katika kibakuli cha plastiki, kisha anaupaka kwa mswaki kuanzia kwenye panja hadi utosini. Baada ya nusu saa na kuoshwa kichwa, envi, kama Waganda wanavyoziita mvi, hazionekani tena. Wiki tatu zikipita, mteja yuleyule anarudi. Ukimsogelea unaona ncha nyeupe za nywele zinachomoza kwenye ngozi, na weusi umesogea juu.

Weupe huo mdogo ndio jibu la swali wanaloulizwa kila siku wauza vipodozi wa soko la Kikuubo: je, ipo shampuu, seramu, mafuta au kidonge cha kurudisha weusi wa nywele?

Unywele tunaouona na kuuchana hauna uhai. Sehemu iliyo hai ni shina lake, lililo ndani ya kifuko kidogo, milimita chache chini ya ngozi. Humo ndimo seli za rangi hutengeneza melanini na kuigawa kwa unywele wakati unajengwa. Ukishatoka nje, rangi yake imekwisha kuamuliwa. Na kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, unywele wa sentimita sita umebeba kumbukumbu ya nusu mwaka ya yaliyotokea shinani.

Kampala ina ushahidi wake kwamba rangi inaweza kurudi, na ushahidi huo ulitoka wodini katika hospitali ya Mulago. Kuanzia miaka ya 1930, daktari Mwingereza Hugh Trowell alihangaika na watoto walioletwa hospitalini wakiwa wamevimba miguu na uso, ngozi zinababuka, na nywele zimepauka na kuwa nyekundu, nyepesi, zinazong'oka kwa kuvutwa kidogo tu. Waganda walikwisha kuujua ugonjwa huo kwa jina la obwosi, na waliuhusisha na mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine mapema. Huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza mwaka 1933. Mwaka 1954 Trowell na wenzake wa Kampala, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, wakachapisha kitabu kizima juu yake. Kwa Kiswahili ndio unyafuzi.

Mtoto alipopewa maziwa na chakula chenye protini ya kutosha, uvimbe ulitangulia kuisha. Nywele zilichukua muda zaidi. Weusi ulianza kuonekana chini, karibu na ngozi, huku ncha zikiwa bado nyekundu. Aliyeugua akapona, kisha akaugua tena, alikuwa na historia yake kichwani: ushike unywele wake mmoja kwenye mwanga, unaona kipande cheusi, kipande kilichopauka, kisha cheusi tena. Madaktari wanaiita ishara ya bendera. Hakuna aliyempaka mtoto huyo chochote. Mwaka 1965 Mulago ilipata kituo cha lishe cha Mwanamugimu, ambapo kina mama walifundishwa kupika kitobero, chakula cha mtoto kinachochanganya matoke au viazi na maharage, karanga au mukene, yaani dagaa. Kwa watoto wa unyafuzi, weusi ulirudi kupitia sahani.

Hata hivyo unyafuzi na mvi za utu uzima ni mambo mawili, na muuzaji anayeyachanganya anampotosha mteja. Mtoto yule seli zake za rangi zipo. Mwili wake ndio ulioishiwa. Melanini hutengenezwa kutokana na tirosini, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya protini. Kwa mtu mzima seli zenyewe ndizo zinazopungua. Kila kifuko cha unywele kina akiba ya seli shina zinazozaa seli mpya za rangi kila unywele mpya unapoanza kuota. Akiba hiyo ikiisha, unywele hutoka mweupe. Kwa wastani Wazungu huanza kuota mvi katikati ya miaka ya thelathini, na Waafrika katikati ya miaka ya arobaini. Urithi wa ukoo una sauti kubwa hapa.

Utafiti wa miaka ya karibuni umefungua mlango kidogo. Mwaka 2020 wanasayansi wa Harvard walionyesha kwamba kwa panya, msongo mkali huamsha neva zinazoifanya akiba ya seli shina iishe haraka. Mwaka 2023 kundi la New York University likaona, kwa panya pia, kwamba baadhi ya seli hizo hazifi bali hukwama mahali pamoja na kuacha kazi. Katikati ya hayo, mwaka 2021, Ayelet Rosenberg na Martin Picard wa Chuo Kikuu cha Columbia walisoma rangi ya nywele za watu 14, kipande kwa kipande, na kulinganisha na matukio ya maisha yao. Baadhi ya nywele zilikuwa nyeupe nchani na zenye rangi shinani. Mtu mmoja aliyekwenda likizo alikuwa na nywele tano zilizorudi rangi yake wakati huohuo. Nywele tano! Picard mwenyewe alitahadharisha kwamba mzee mwenye mvi za miaka mingi asitarajie jambo hilo. Yaelekea unywele ulio kwenye kizingiti cha kuwa mvi ndio unaoweza kurudi nyuma.

Zipo pia sababu za kiafya zinazotibika. Upungufu wa vitamini B12 na tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango vinaweza kuleta mvi mapema, na rangi hurudi kwa baadhi ya wagonjwa wakitibiwa. Kwa hiyo Mwafrika anayejaa mvi kabla ya miaka 30, na huku anachoka ovyo au miguu inakufa ganzi, pesa ya seramu ingemfaa zaidi maabara.

Na hizo bidhaa? Vidonge vya katalesi vilipata umaarufu baada ya watafiti wa Bradford, Uingereza, kuonyesha mwaka 2009 kwamba haidrojeni peroksaidi, kemikali inayopausha, hujikusanya ndani ya mvi pale kimeng'enya cha katalesi kinapopungua. Lakini katalesi ni protini. Ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya yai. Haisafiri mpaka kichwani. Seramu za peptaidi zinategemea zaidi majaribio madogo ya wenye bidhaa. Mafuta ya shea kutoka kaskazini ya Uganda, au habasoda, hulainisha nywele na kuzipa mng'ao, na hiyo ni faida ya kweli, ila hayajazi akiba ya seli.

Inayotia wasiwasi zaidi ni ile dawa ya kupaka kila siku inayoahidi mvi zitarudi nyeusi taratibu. Kwa miaka mingi kiini cha dawa za aina hiyo kilikuwa asetati ya risasi: risasi hukutana na salfa iliyo ndani ya unywele, na unywele unakuwa mweusi kama uliorudi ujana. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kufuta kibali chake, kwa kuwa risasi ni sumu.

Rangi ya kawaida, ile ambayo Watanzania wengi wanaiita piko, angalau haidanganyi: inafunika. Hatari yake ni PPD, kemikali inayotoa weusi. Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 2 kwa mchanganyiko unaofika kichwani. Nchini Sudan, ambako wanawake walizoea kuichanganya na hina, jarida la Lancet lilichapisha mwaka 1983 taarifa ya sumu yake mwilini. Waathirika huvimba uso na koo hadi kushindwa kupumua, na figo huweza kufeli. Alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda inahusu viwango vya bidhaa, nayo inafaa kutafutwa kwenye pakiti, ingawa si cheti kwamba mvi zitaisha.

Mteja wa Wandegeya anaweza kupita kwa kinyozi Alhamisi apakwe tone moja la rangi nyuma ya sikio, aliache kwa saa 48. Ngozi ikiwasha, ikivimba au kutoa malengelenge, rangi hiyo haimfai, hata kama ameitumia miaka kumi bila shida, kwa sababu mzio wa PPD unaweza kuanza siku yoyote.