Mzigo wa Mwenzio

Mwezi uliopita tulisafiri kwenda Bagamoyo kumzuru mwalimu mwenzetu, na katika safari ile tulijifunza neno moja ambalo halikutupendeza, maana lilifunua kosa letu wenyewe. Twaona ni vema kuwaeleza, lipate kuwafaa ninyi na watu wa nyumbani mwenu.

Tuliposhuka garini jua lilikuwa kali, na sanduku letu la vitabu lilikuwa zito. Akaja kijana mmoja mchukuzi, akatuamkia kwa adabu. Kwanza tukabishana naye juu ya ujira, tukaupunguza na kuupunguza hata tukaona tumeshinda. Akajitwika sanduku, akatangulia; sisi tukamfuata nyuma tukizungumza habari zetu. Alipolitua mlangoni kwa mwenyeji wetu tulimpa fedha yake, naye akaenda zake. Hatukumwuliza jina lake, wala habari za kwao.

Jioni tulikwenda kusali. Tuliporudi tulimkuta mke wa mwenyeji wetu ameshika mfuko mdogo wa nguo. Ulikuwa wetu, na ndani yake mlikuwamo karatasi za mtihani za wanafunzi na nauli yetu ya kurudi. Tulikuwa tumeusahau garini, hata kuukosa hatukuwa tumeukosa bado. Yule kijana aliuona, akaurudisha kwa miguu, akauacha mikononi mwa mama yule, wala hakungoja kupewa kitu. Mama akatuuliza, "Ni nani yule, nipate kumshukuru nikimwona?" Tukanyamaza. Ujira wake tuliujua mpaka senti ya mwisho. Jina lake hatukulijua.

Asubuhi yake mwenyeji wetu alitupeleka kuuona mnara wa zamani katika misheni ya Kikatoliki, ambao watu huuita mnara wa Livingstone. Maiti ya msafiri yule ililazwa hapo mwezi wa Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Habari hii wengi wenu mwaijua, lakini siku ile tuliisikia kwa masikio mengine, kwa sababu ya aibu ya jana.

Daktari David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu waliokuwa naye walikuwa yapata 60, na viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Wangaliweza kumzika pale pale wakaenda zao, wala hapana ambaye angaliwalaumu. Lakini walikata shauri kumrudisha kwa watu wake. Moyo wake waliuzika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, aliyekuwa amekombolewa katika utumwa na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi, akasoma ibada ya maziko. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani, wakauzungushia nguo na magome ya mti, wakauchukua.

Safari ilikuwa ya yapata miezi tisa na maili 1,000 au zaidi. Walipita penye maji na penye njaa, na wengine wao walikufa njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, walikutana na Mwingereza Cameron, akawapa shauri wamzike huko. Wakakataa. Na kwa kuwa watu wa vijiji vya mbele waliogopa maiti isipite kwao, walifanya hila: walituma mzigo wa uongo urudi nyuma kana kwamba ndiyo maiti yaenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa mtumba wa nguo. Hivyo wakapita, hata wakaiona bahari.

Je, walipokewaje? Wengi wao walilipwa ujira, wakaachwa waende zao. Katika maziko ya London, tarehe 18 Aprili 1874, Jacob Wainwright alikuwapo. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha kupita. Nishani zilitengenezwa kwa ajili ya wachukuzi wale, lakini zilipofika wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Jiwe la kaburi lililo katika kanisa la Westminster lataja mikono ya watu waaminifu iliyomleta marehemu, lakini majina ya wenye mikono hiyo hayamo.

Bali kulikuwa na maandishi mengine. Katika shina la ule mpundu, Jacob alichonga jina la Livingstone, na pamoja nalo majina ya baadhi ya wenzake. Wale wa London waliona mikono tu. Jacob alikuwa ametembea nao, amekula nao, akiwajua kila mtu kwa jina lake.

Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akiuona kichwani pa mwingine, huuona mwepesi kama sufi. Nasi tuliokuwa tukifuata nyuma ya kijana yule tulikuwa tumeliona sanduku letu jepesi, kwa kuwa halikuwa juu yetu. Mtume Paulo awaagiza Wagalatia kuchukuliana mizigo. Basi, twawezaje kuuchukua mzigo wa mtu ambaye hata jina lake hatukujali kulijua? Na katika Injili ya Yohana twasoma habari za mchungaji awaitaye kondoo zake kila mmoja kwa jina. Hatusomi kwamba awahesabu tu.

Sasa tutazame nyumbani mwetu. Yuko msichana atufuliaye nguo na kutulelea watoto. Yuko mzee alindaye usiku sisi tukilala. Shuleni yuko mama apikaye uji, na yuko apigaye kengele. Je, watoto wetu wajua majina yao? Au huwasikia wazazi wakisema, "Wewe msichana, njoo," nao wakajifunza kusema vivyo hivyo kwa mtu aliye sawa na dada yao mkubwa? Kumjua mtu kwa jina si kumwita ovyo kama mtoto. Desturi yetu ni njema: mkubwa huamkiwa shikamoo, akaitwa Mzee fulani, au Mama wa mwanawe fulani. Lakini huwezi kumwita Mama wa fulani usipouliza habari za mtoto wake.

Twawashauri wazazi neno hili dogo. Katika sala ya jioni, kila mtoto amtaje kwa jina mtu mmoja aliyewachukulia mzigo siku ile. Asiyeweza kumtaja, kesho aende akaulize. Walimu nao wafanye hivyo darasani. Na ujira mlioagana usikawie, maana shukrani isiyo na malipo ni maneno matupu.

Siku ya kurudi tulifika kituoni mapema ili tumtafute yule kijana. Tuliuliza huku na huku. Wakatuambia, "Vijana wachukuzi hapa ni wengi, ni yupi mnayemtaka?" Hatukuwa na jina la kuulizia. Gari likapiga honi, tukapanda na deni letu.

Wengine husema kwamba Bagamoyo ni mahali ambapo wachukuzi walibwaga mioyo yao, safari ikiisha na mizigo ikituliwa. Sisi tuliondoka huko na mzigo ambao hatukwenda nao. Mungu, aliyejua jina la kijana yule tangu tumboni mwa mama yake, amlipe mema. Nasi atupe kuuliza mapema.